Béla Tarr na Mwendo wa Taratibu: Historia ya Mkupuo Mrefu katika Sinema ya Hungaria

Béla Tarr, mwongozaji wa filamu wa Hungaria aliyefariki dunia tarehe 6 Januari 2026 akiwa na umri wa miaka 70, aliacha filamu ndefu tisa za sinema, pamoja na filamu fupi na kazi chache za televisheni, idadi iliyo ndogo kwa msanii aliyeishika kamera kwa zaidi ya miongo mitatu. Wengi humkumbuka kwa mambo mawili: giza la maisha anayoyaonyesha, ambamo mvua, tope, ulevi na usaliti havikomi, na mwendo wa taratibu wa filamu zake, ambamo kamera humfuata mtu anayetembea barabarani kwa dakika nyingi bila picha kukatwa. Mambo hayo huelezwa mara nyingi kuwa ni tabia ya mtu mmoja aliyezaliwa na moyo mzito, maelezo ambayo hayatoshi, kwa kuwa mwendo huo ulikuwa ufundi wenye historia yake: ulikuzwa katika studio zilizogharimiwa na dola ya kikomunisti, ukapita mikononi mwa kizazi kilichomtangulia Tarr, na ukafikia kilele chake wakati dola hiyo ilipokuwa imekwisha kuanguka. Makala haya yanafuatilia historia hiyo, na yanashikilia kwamba mwendo wa taratibu wa Tarr ulikuwa njia ya kuandika, kwa picha, maisha ya watu ambao mfumo wa zamani na mfumo mpya, yote miwili, iliwafanya kuwa watu wa kusubiri.

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa tangu mwanzo. Mkupuo, katika makala haya, ni kipande cha filamu kinachoanza pale kamera inapowashwa na kuishia pale inapozimwa au mhariri anapokikata. Filamu nyingi za kibiashara huundwa kwa mamia na hata maelfu ya mikupuo ya sekunde chache chache, ilhali filamu ya mwisho ya Tarr, yenye urefu wa dakika 146, ina mikupuo 30 tu, ambayo wastani wake ni karibu dakika tano kwa kila mmoja. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba kila kitu kinachosemwa juu ya kazi yake.

Dola, studio na eneo la kuvumiliwa

Shughuli za filamu nchini Hungaria zilitaifishwa mwaka 1948, na tangu hapo studio, maabara za kusafishia filamu, majumba ya sinema na mishahara ya waongozaji vikawa mikononi mwa dola. Baada ya uasi wa Oktoba 1956, uliozimwa na majeshi ya Kisovieti, János Kádár alishika uongozi wa chama tawala na kuushikilia hadi mwaka 1988, na katika kipindi hicho siasa ya utamaduni ilisimamiwa kwa miaka mingi na György Aczél, kiongozi wa chama ambaye jina lake limefungamana na utaratibu uliojulikana kama T tatu. Herufi hizo zilisimama kwa maneno matatu ya Kihungaria, yaani támogatott, tűrt na tiltott, na ziligawa kazi zote za sanaa katika mafungu matatu: zinazosaidiwa, zinazovumiliwa na zinazopigwa marufuku. Fungu la kwanza na la tatu yalikuwa wazi kwa kila mtu, lakini fungu la kati lilikuwa pana na mipaka yake haikuandikwa popote, na humo ndimo wasanii wengi wenye vipawa walimoishi, wakijaribu leo kuvuka hatua moja na kesho kurudi nusu hatua.

Utaratibu huo ulikuwa na matokeo mawili yanayoeleza mengi kuhusu sinema ya Hungaria. La kwanza ni kwamba mwongozaji aliyeruhusiwa kufanya kazi hakulazimika kurudisha fedha kwa mauzo ya tiketi, hivyo hapakuwa na mfanyabiashara wa kumhimiza aharakishe hadithi ili mtazamaji asichoke. La pili ni kwamba maneno ya mwongozo yalisomwa kwa makini na maafisa kabla ya kamera kuwashwa, ilhali mwendo wa kamera, umbali wake kutoka kwa watu na muda wa mkupuo havikuweza kusomwa kwenye karatasi. Maana ikahamia taratibu kutoka kwenye mazungumzo na kuingia katika picha, na waongozaji wa Hungaria wakawa mabingwa wa kusema kwa muda na kwa nafasi yale ambayo mhusika asingeweza kuyatamka kwa kinywa chake.

Katika mazingira hayo ilianzishwa Studio ya Béla Balázs, iliyoundwa mwaka 1959 na kupangwa upya mwaka 1961 ili kuwapa nafasi vijana waliotoka kwenye chuo cha filamu. Ilipewa jina la mwananadharia Mhungaria aliyeishi kati ya 1884 na 1949, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1924 alifundisha kwamba uso wa mwanadamu unaoonekana kwa karibu ndiyo hazina kuu ya sinema. Studio hiyo ilipewa fungu la fedha kila mwaka, wanachama wake wakaamua wenyewe kazi zipi zitengenezwe, na filamu iliweza kukamilishwa bila kupitishwa kwanza kwa ajili ya kuonyeshwa hadharani. Faida yake ilikuwa uhuru wa kujaribu, na gharama yake ilikuwa kwamba kazi nyingine zilibaki kabatini bila watazamaji.

Mtoto wa watu wa jukwaani na filamu za makazi

Tarr alizaliwa mjini Pécs tarehe 21 Julai 1955 na kukulia Budapest, katika familia ya watu wa tamthilia: baba yake alibuni mandhari za jukwaani, na mama yake kwa miongo mingi aliwakumbusha waigizaji maneno yao akiwa pembeni mwa jukwaa. Akiwa bado kijana wa shule alipiga kwa kamera ndogo filamu kuhusu wafanyakazi wa jamii ya Waroma, jamii iliyozoeleka kuitwa majipsi, ambao walimwandikia Kádár barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kufanya kazi Austria. Kazi hiyo iliwaudhi wakubwa, na kijana aliyetamani kusoma falsafa akafungiwa milango ya chuo kikuu, akawa kibarua katika kiwanda cha meli na baadaye mlinzi wa jumba la utamaduni. Elimu yake ya kwanza ya watu wa chini aliipata huko, wala hakuwa na haja ya kuisoma vitabuni.

Filamu yake ya kwanza ndefu, Családi tűzfészek, ambayo kichwa chake kinaashiria kiota cha familia kinachowaka moto, ilitengenezwa na Studio ya Béla Balázs mwaka 1977 kwa siku chache na fedha kidogo, na ilipata tuzo kuu katika tamasha la Mannheim, Ujerumani Magharibi, mwaka 1979. Ili kuielewa ni lazima kukumbuka kwamba mwaka 1960 serikali ilikuwa imetangaza mpango wa kujenga nyumba milioni moja katika muda wa miaka 15, na majengo ya ghorofa ya vipande vya zege vilivyotengenezwa viwandani yakaota pembezoni mwa kila mji, lakini foleni ya wanaohitaji makazi haikwisha. Filamu inaonyesha mwanamke kijana anayeishi na mtoto wake katika chumba kidogo kwa wakwe, wakati mume akiwa jeshini, na jinsi ufinyu wa nafasi unavyogeuka kuwa matusi, tuhuma na hatimaye kuvunjika kwa ndoa. Waliocheza hawakuwa waigizaji wa kazi, maneno mengi waliyatunga papo hapo, na kamera iliyobebwa mkononi ilikaa karibu sana na nyuso zao, kana kwamba hata mpigapicha hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Namna hiyo ya kutengeneza filamu ilikuwa ya kundi zima lililojulikana kama Skuli ya Budapest, ambalo István Dárday na Györgyi Szalai walikuwa miongoni mwa viongozi wake, na ambalo lilichukua visa vya kubuni na kuvipiga kwa mbinu za filamu ya habari halisi, kwa kutumia wafanyakazi, makarani na wanakijiji wakicheza maisha yanayofanana na yao. Tarr aliendelea na njia hiyo katika Szabadgyalog ya mwaka 1981 na Panelkapcsolat ya mwaka 1982, na hii ya pili iliwapa Judit Pogány na Róbert Koltai, waliokuwa mke na mume katika maisha yao halisi, nafasi ya kucheza wanandoa wa jengo la zege ambao hawana la kuambizana na wanaishia kununua mashine ya kufulia nguo. Studio ya Társulás, iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya kundi hilo, ilifungwa mwaka 1985, na kufungwa kwake kuliondoa nyumba ya waongozaji waliotaka kuzungumza moja kwa moja juu ya hali ya jamii.

Hata hivyo, dalili za mabadiliko zilikuwa zimeonekana kabla ya hapo. Mwaka 1982 Tarr aliitengenezea televisheni Macbeth ya Shakespeare kwa mikupuo miwili tu, wa kwanza wa dakika chache na wa pili wa karibu saa nzima, na mwaka 1984 akatoa Őszi almanach, filamu iliyofungiwa ndani ya nyumba moja, ambamo watu wanne wanavizia fedha na utulivu wa mwenye nyumba mzee chini ya taa za rangi kali. Tatizo la makazi lilibaki, ila sasa halikuwa tena suala la ofisi ya nyumba peke yake, kwani mwongozaji alianza kuuliza ni nini kilichomo ndani ya watu hata wakipewa nafasi wasiweze kuishi pamoja.

Urithi wa Jancsó na kazi ya mkupuo mrefu

Ufundi ambao Tarr aliuchukua ulikuwa umekwisha kupata bingwa wake nchini humo. Miklós Jancsó, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2014, alitoa mwaka 1966 filamu iitwayo Szegénylegények, ambayo visa vyake vimewekwa katika tambarare ya Hungaria miaka ya baada ya mapinduzi yaliyoshindwa ya 1848, na ambamo wafungwa wanachujwa, wanatishwa na kugeuzwa wasaliti wa wenzao. Watazamaji waliona humo mambo ya mwaka 1956, ingawa mwongozaji alilazimika kukana uhusiano huo hadharani. Katika filamu zilizofuata mikupuo ilirefuka zaidi, na Még kér a nép, iliyompa Jancsó tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes mwaka 1972, iliundwa kwa mikupuo isiyofikia 30, huku kamera ikizunguka kati ya wakulima, askari, farasi na wachezaji ngoma.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti yake magumu. Filamu ya sinema ya upana wa milimita 35 ilifungwa katika mizingo ya takriban mita 300, na kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde mzingo mmoja ulidumu kwa dakika 11 hivi, ambazo Tarr alikuwa akizitaja kwa kejeli kuwa ni udhibiti aliowekewa na kampuni inayotengeneza filamu. Ndani ya dakika hizo reli za kamera zilipaswa kutandazwa mahali ambapo hazitaonekana kamera itakapogeuka, taa zilipaswa kuwaka na kufifia kulingana na njia ya mwigizaji, mtu wa kurekebisha fokasi ya lenzi alipaswa kujua umbali wa kila hatua, na kosa la mtu mmoja katika dakika ya tisa liliharibu kazi ya wote. Mazoezi kwa hiyo yalichukua muda mrefu kuliko upigaji wenyewe, na kikundi kilichofanya kazi ya namna hiyo kilihitaji kuzoeana kwa miaka.

Kikundi cha Tarr kilizoeana kwa namna hiyo. Ágnes Hranitzky, mwenzi wake wa maisha, alihariri filamu zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na baadaye akatajwa kuwa mwongozaji mwenza, jambo linaloeleweka kwa kuwa katika mkupuo mrefu uamuzi wa mhariri, yaani nini kionekane lini, hufanyika wakati kamera inazunguka. Mihály Víg alitunga muziki kabla ya upigaji kuanza, hivyo mwendo wa kamera na wa waigizaji uliweza kufuata mapigo ya muziki uliokuwapo tayari. Gábor Medvigy alipiga picha za kipindi cha kati, na Fred Kelemen, Mjerumani, akapiga za mwisho. Sauti na mazungumzo viliongezwa baadaye, ndiyo maana nyayo, upepo na sauti ya mvua katika filamu hizo vina uzito usio wa kawaida.

Kati ya Jancsó na Tarr palikuwa na tofauti ya msingi. Jancsó aliujaza mkupuo mrefu umati na jua kali ili kuonyesha jinsi mamlaka yanavyowapanga watu uwanjani, nani anasimama, nani anavuliwa nguo, nani anaamriwa kukimbia. Tarr aliondoa umati na jua, akabakisha mtu mmoja au wawili, ukuta unaolowa na muda, na katika hali hiyo mtazamaji hana budi kuhisi saa inavyopita juu ya mwili wa mtu asiyetarajiwa na mtu yeyote. Wa kwanza alionyesha mamlaka yakitenda kazi, na wa pili akaonyesha yanachokiacha nyuma yakishaondoka.

Krasznahorkai na shamba la ushirika

Mwaka 1985 mwandishi László Krasznahorkai, mzaliwa wa Gyula, mji ulio karibu na mpaka wa Romania, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Sátántangó, na Tarr akaamua mara moja kuifanya filamu. Hali ya kisiasa haikuruhusu, na badala yake wawili hao waliandika pamoja mwongozo wa Kárhozat, filamu ya mwaka 1988 iliyotengenezwa nje ya utaratibu wa kawaida wa studio. Inaanza kwa ndoo za makaa zinazoning'inia kwenye waya na kupita polepole juu ya mji wa machimbo, hadi kamera inaporudi nyuma na kumfunua mwanamume anayezitazama kutoka dirishani, naye ni Karrer, mtu anayempenda mwimbaji wa baa iitwayo Titanik na anayeishia kuwasaliti jirani zake kwa polisi. Filamu hiyo iliweka alama zote zitakazotambulisha kazi ya Tarr baadaye: picha nyeusi na nyeupe, mvua, mbwa, ulevi, dansi ya walevi na mikupuo inayosubiri baada ya tukio kwisha.

Baada ya kuishi kwa muda Berlin Magharibi, Tarr alirudi kwenye riwaya ile, na filamu ya Sátántangó ikatoka mwaka 1994 ikiwa na urefu wa zaidi ya saa saba na takriban mikupuo 150. Mahali pake ni shamba la ushirika lililokwisha kufa katika tambarare kubwa ya mashariki, ambayo Wahungaria huiita Alföld, na historia ya mashamba hayo ndiyo msingi wa filamu. Kati ya mwaka 1959 na 1961 wakulima wa Hungaria, baada ya jaribio la kwanza la miaka ya 1950, waliingizwa karibu wote katika ushirika kwa shinikizo na ahadi, na kwa miongo mitatu ushirika ukawa mwajiri, mwenye ghala, mwenye trekta na mwenye kilabu cha kijiji. Mfumo ulipoanguka, na sheria za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikavunja ushirika na kugawa mali zake, vijiji vingi vilibaki na majengo yasiyo na kazi na watu wasio na mahali pa kwenda.

Katika filamu, wakazi wachache waliobaki wanasubiri fedha za mauzo ya mifugo, na kila mmoja anapanga kuwaibia wenzake na kutoroka, mpaka inapovuma habari kwamba Irimiás, aliyedhaniwa amekufa, anarudi. Irimiás ana ulimi wa nabii na kazi ya kachero, na kwa hotuba moja iliyotolewa mbele ya maiti ya mtoto anawafanya wamkabidhi fedha zao zote kwa ahadi ya shamba jipya, kisha anawatawanya mjini ambako watakuwa macho na masikio ya polisi. Riwaya ilipoandikwa, kisa hicho kilikuwa fumbo juu ya ahadi za kikomunisti zilizochakaa, lakini filamu ilipotoka ahadi zilikuwa zimebadili lugha, zikihubiri soko na maisha mapya, huku watu wa tambarare wakiwa palepale. Filamu haikuhitaji kubadili chochote katika hadithi ili iwe habari ya siku hiyo, na hilo ndilo jambo zito zaidi inalolisema kuhusu mabadiliko ya mwaka 1989.

Muundo wake umefuata hatua za dansi ya tango: sehemu 12, sita za kwenda mbele na sita za kurudi nyuma, ambamo tukio lilelile huonekana tena kutoka upande mwingine. Mkupuo wa kwanza, wa dakika karibu nane, unaonyesha ng'ombe wakitoka zizini na kuzagaa uwanjani kati ya nyumba zilizobomoka, bila binadamu hata mmoja. Sehemu ya daktari mlevi, anayewaandika majirani zake katika madaftari akiwa dirishani, inachukua karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni safari ya mzee huyo kwenda kujaza chupa ya pombe kali. Sehemu ya Estike, binti anayemtesa paka wake na kisha kunywa sumu ya panya, ilileta lawama ambazo Tarr alizijibu kwa kueleza kwamba daktari wa mifugo alikuwapo na kwamba mnyama hakufa. Yote hayo yangeweza kusimuliwa kwa dakika tisini, ila yangekuwa masimulizi ya matukio tu, na matukio ndiyo sehemu ndogo zaidi ya maisha ya watu wanaosubiri.

Wahakiki walizoea kumfananisha Tarr na mwongozaji Andrei Tarkovsky wa Urusi, kwa kuwa wote wawili walipenda mvua na mikupuo mirefu. Tarr mwenyewe aliukataa mfanano huo, akieleza kwamba Tarkovsky alikuwa mtu wa imani ambaye kwake mvua husafisha, ilhali katika filamu zake mwenyewe mvua hutengeneza tope tu. Maelezo hayo ni sahihi, na yanaonyesha kwamba mwendo wa taratibu peke yake hauundi mtazamo mmoja wa dunia: mkupuo uleule unaweza kuwa sala kwa mmoja na ushahidi kwa mwingine.

Kutoka nyangumi hadi viazi viwili

Werckmeister harmóniák ya mwaka 2000, iliyotokana na riwaya nyingine ya Krasznahorkai iliyochapishwa mwaka 1989, ilipunguza mikupuo hadi 39 kwa dakika 145. Jina lake linamkumbuka Andreas Werckmeister, Mjerumani wa karne ya 17 aliyeandika juu ya namna ya kulinganisha sauti za vinanda, na swali lake ni kama mpangilio wowote, wa sauti au wa jamii, unaweza kusimama bila udanganyifu fulani ndani yake. Katika mji mdogo wenye baridi linaletwa lori lenye mzoga wa nyangumi, umati wa wanaume wasio na kazi unakusanyika uwanjani, na usiku unashambulia hospitali, ukivunja na kupiga bila neno lolote kusemwa, hadi unapokutana na mzee dhaifu aliye uchi na kugeuka kurudi. Mkupuo wa shambulio hilo ni hoja kamili ya kihistoria juu ya jinsi ghasia zinavyozaliwa na kuishiwa nguvu, iliyotoka katika nchi ambayo ndani ya karne moja iliona ghasia za kila aina.

Kufikia hapo fedha hazikutoka tena katika mfuko mmoja. Filamu za Tarr zilikuwa za ubia wa Hungaria, Ujerumani, Ufaransa, Uswisi na nchi nyingine, na udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika mwaka 2005, pale kifo cha Humbert Balsan, mtayarishaji Mfaransa, kiliposimamisha A londoni férfi, iliyotokana na riwaya ya Georges Simenon na kupigwa Bastia, kisiwani Corsica. Filamu hiyo ilikamilika na kushindanishwa Cannes mwaka 2007.

A torinói ló ya mwaka 2011 ilikuwa ya mwisho, na Tarr alitangaza hivyo mwenyewe. Inaanzia katika simulizi ya tarehe 3 Januari 1889, siku ambayo mwanafalsafa Friedrich Nietzsche aliangua kilio mjini Turin kwa kumwona farasi akipigwa, kisha inamwacha mwanafalsafa na kumfuata farasi hadi kwenye nyumba ya mzee mwenye mkono uliopooza na binti yake. Kwa siku sita binti anamvisha baba nguo, anateka maji, na wawili hao wanakula kila mmoja kiazi kimoja cha kuchemsha kwa vidole, huku upepo ukivuma, farasi akigoma kula, kisima kikikauka na mwishowe taa ikikataa kuwaka. Filamu ilipewa Dubu wa Fedha, tuzo kuu ya baraza la waamuzi katika tamasha la Berlin. Mtazamaji aliyeifuata kazi ya Tarr tangu mwanzo atatambua kwamba chumba kile cha mwaka 1977, chenye watu wengi wanaogombania nafasi, sasa kimebaki na wawili wasio na kitu cha kugombania.

Mwisho wa karakana na hukumu ya historia

Mwaka huohuo wa 2011 mfumo wa kugharimia filamu nchini Hungaria ulivunjwa na kupangwa upya chini ya Andy Vajna, mtayarishaji aliyejijengea jina Hollywood na kuteuliwa na serikali ya waziri mkuu Viktor Orbán, na kwa kipindi fulani utengenezaji wa filamu nchini humo ulikaribia kusimama. Tarr alikuwa mkosoaji wa wazi wa serikali hiyo, na kampuni ndogo aliyoianzisha mwaka 2003 kwa ajili ya filamu zake na za wenzake ilifungwa. Alihamia kwenye ualimu, akaanzisha mjini Sarajevo programu ya film.factory, ambamo kwa miaka michache vijana kutoka nchi nyingi walifundishwa na waongozaji wa hadhi kubwa, na miongoni mwa waliopita huko ni Valdimar Jóhannsson wa Iceland na Pilar Palomero wa Hispania. László Nemes, aliyekuwa msaidizi wake katika A londoni férfi, alishinda tuzo ya Oscar mwaka 2016 kwa filamu ambayo kamera yake haimwachi mfungwa mmoja wa Auschwitz, ushahidi kwamba ufundi uliotoka kwa Jancsó ulifika kizazi cha tatu. Krasznahorkai alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2025, miezi mitatu tu kabla ya kifo cha rafiki yake.

Lawama inayotolewa mara kwa mara juu ya sinema hii ni kwamba umaskini unageuzwa kuwa mapambo kwa watazamaji wa matamasha, na kwamba watu wa Alföld wasingekaa saa saba kujitazama. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, kwani filamu za baada ya 1988 zilipata heshima kubwa zaidi Berlin, Paris na New York, ambako mwandishi Susan Sontag alikuwa miongoni mwa watetezi wake wa mwanzo, kuliko katika miji midogo ya nyumbani. Lakini inasahau kwamba aliyezitengeneza alianza na foleni ya nyumba, na kwamba mwaka 2019, miaka minane baada ya kuacha sinema, alirudi kwa watu haohao alipowakusanya wasio na makazi wa Vienna katika kazi iliyoitwa Missing People. Kutoka kwa Waroma wa miaka ya 1970 hadi kwa watu hao, alichokidai hakikubadilika: mtu aliyesukumwa pembeni atazamwe kwa muda unaomstahili, wala asionyeshwe kwa sekunde mbili kama kielelezo cha hoja ya mtu mwingine.

Historia itamhesabu Tarr kuwa mwanafunzi wa mwisho wa mfumo uliomlipa mtu kufikiri kwa picha bila kumuuliza ameuza tiketi ngapi, na pia kuwa mkosoaji mkali zaidi wa ahadi za mfumo huo na za uliofuata. Anayetaka kumwelewa asianze na saa saba za Sátántangó, kwani atachoka kabla hajajua anachokitazama. Na aanze na Családi tűzfészek, aone chumba kile kidogo na watu wake, kisha aende mbele kwa mpangilio wa miaka, naye atakapofika kwenye tope la tambarare atakuwa anawafahamu wanaolikanyaga.